Asusa Yenye Nishati Ndogo: Namna ya Kuichagua Kituoni, Gengeni na Dukani

Ifikapo saa kumi na moja jioni katika vituo vya daladala vya Mbagala Rangi Tatu, Tandika, Mwenge na Tegeta, mwananchi anayerejea nyumbani hukutana na chakula kabla hajapata usafiri. Upande mmoja muhogo na viazi vinakaangwa katika karai, na upande mwingine mahindi yanageuzwa juu ya mkaa. Karibu yake pana karanga, kaukau za pakiti, matikiti yaliyokatwa, machungwa yaliyomenywa na soda baridi. Mwananchi huyo ana njaa, na safari iliyo mbele yake huenda ikachukua saa nzima au zaidi. Somo hili halikusudii kumlaumu kwa kula. Linakusudia kumwezesha kutambua anachokinunua.

Asusa ni chakula kidogo kinacholiwa katikati ya milo mikuu. Kwa kuwa ni kidogo kwa umbo, wengi wetu hatuihesabu. Tukiulizwa tumekula nini leo, tutataja ugali, wali na maharage, na kuyasahau maandazi mawili ya saa nne, soda ya mchana na chipsi za jioni. Hata hivyo mwili huhesabu vyote.

Kwa nini jambo hili lina uzito

Utafiti wa Demografia na Afya Tanzania wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba wanawake wapatao asilimia 22 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Katika utafiti wa mwaka 2015-16 kiwango hicho kilifikia asilimia 28. Uzito uliozidi huongeza hatari ya kupata kisukari, shinikizo la juu la damu na magonjwa ya moyo. Magonjwa haya huhitaji dawa kwa miaka mingi, na mara nyingi humpata mtu angali analea na kusomesha watoto.

Hatusemi kwamba asusa pekee ndiyo chanzo. Tunasema kwamba ni sehemu ya ulaji ambayo mlaji anaweza kuibadilisha leo, bila kubadilisha chakula cha familia nzima na bila kuongeza matumizi.

Nishati ya chakula hutoka wapi

Kile ambacho mitaani huitwa kalori, kwenye lebo huandikwa kcal, yaani kilokalori. Ni kipimo cha nishati ambayo mwili unaipata katika chakula. Gramu moja ya wanga au sukari hutoa takriban kilokalori 4, na gramu moja ya protini hutoa kiasi hichohicho. Gramu moja ya mafuta hutoa takriban kilokalori 9. Maji hayana nishati, na nyuzinyuzi za matunda, mboga na nafaka isiyokobolewa huleta nishati kidogo huku zikisaidia kushibisha.

Kutokana na hesabu hiyo tunapata kanuni ya somo hili: chakula chenye maji na nyuzinyuzi nyingi hujaza tumbo kwa nishati ndogo, na chakula kilichoongezwa mafuta au sukari hubeba nishati nyingi katika umbo dogo. Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, tujiulize maswali matatu.

Swali la kwanza: Kimepikwaje?

Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina takriban kilokalori 120. Muhogo uliochemshwa au kuchomwa una nishati yake ya asili. Muhogo huohuo ukikaangwa na kunyonya kijiko kimoja cha mafuta, umeongezewa kilokalori 120, ingawa kipande hakikuongezeka ukubwa. Ndivyo ilivyo pia kwa viazi, ndizi na unga wa ngano unaogeuka kuwa andazi, sambusa au kitumbua.

Kwa hiyo, palipo na muhogo wa kuchoma na wa kukaanga katika meza jirani, tuchague wa kuchoma. Mahindi ya kuchoma au ya kuchemsha, viazi vitamu vya kuchemsha na yai la kuchemsha ni asusa za kutosha. Yai moja la kuchemsha lina takriban kilokalori 75, pamoja na protini inayochelewesha njaa. Tumwombe muuzaji apunguze chumvi, au tuweke pilipili na ndimu mahali pake.

Swali la pili: Kimeongezwa sukari kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri kwamba sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwamba ni bora zaidi ikipungua chini ya asilimia 5. Sukari huru ni ile inayoongezwa katika chakula na kinywaji, pamoja na ile iliyomo katika asali na juisi. Kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000 kwa siku, asilimia 10 ni gramu 50, na asilimia 5 ni gramu 25.

Tuchukue mfano wa kinywaji chenye gramu 10 za sukari katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 ina gramu 35 za sukari, sawa na vijiko vya chai saba vya gramu tano. Mnywaji amekwisha kuvuka gramu 25 kabla hajaweka sukari katika chai ya jioni, na amepata kilokalori 140 zisizomshibisha.

Juisi ya miwa na juisi za matunda, hata zilizokamuliwa mbele yetu, zina sukari nyingi na nyuzinyuzi chache. Tunda zima ni bora kuliko juisi yake. Ubuyu wa rangi umefunikwa sukari, na kashata ni nazi au karanga iliyoshikanishwa kwa sukari. Vyote viwili ni vya mara mojamoja. Kwa kiu, maji safi na salama yanatosha. Anayetaka ladha anaweza kunywa dafu, ambalo maji yake yana takriban kilokalori 20 kwa kila mililita 100.

Swali la tatu: Ni kiasi gani kinacholiwa?

Vipo vyakula vyenye manufaa ambavyo hata hivyo si vya nishati ndogo. Karanga zina protini na mafuta mazuri, lakini gramu 30, yaani konzi moja ndogo, hutoa takriban kilokalori 170. Konzi moja ni asusa njema. Mfuko mzima unaoliwa foleni ikiwa ndefu ni sawa na mlo. Tumimine kiasi tunachokihitaji mkononi, kisha tufunge mfuko.

Matunda mengi huturuhusu kula zaidi. Gramu 300 za tikitimaji hutoa takriban kilokalori 90, na gramu 200 za papai takriban 85. Chungwa la wastani lina takriban 60, na ndizi mbivu ya wastani takriban 105. Tango na karoti hupatikana magengeni mwaka mzima.

Kusoma lebo ya pakiti

Kwa vyakula vya kufungashwa, jibu limeandikwa nyuma ya pakiti. Lebo nyingi ni za Kiingereza. Tutafute mstari wa nishati, ulioandikwa "Energy", kisha tuangalie namba yenye kcal, wala si yenye kJ. Halafu tuulize: namba hii ni ya gramu ngapi?

Tuchukue pakiti ya mfano ya kaukau yenye uzito wa gramu 60. Lebo inasema kipimo kimoja ni gramu 20 na kina kilokalori 107. Msomaji mwenye haraka ataona 107 na kuridhika. Lakini pakiti ina vipimo vitatu, na ni wachache wanaokula theluthi moja na kuhifadhi iliyobaki. Anayeimaliza amekula kilokalori 321, yaani zaidi ya zile za ndizi tatu.

Ikiwa lebo hiyo inaonyesha gramu 1.5 za chumvi kwa kila gramu 100, pakiti nzima ina gramu 0.9. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chumvi chini ya gramu 5 kwa siku. Hivyo pakiti hiyo imechukua karibu sehemu moja ya tano. Lebo ikitaja sodiamu badala ya chumvi, tuzidishe kiasi hicho kwa 2.5 ili kupata chumvi.

Maneno makubwa ya mbele ya pakiti yasitushughulishe. "Haina kolesteroli" haimaanishi kwamba haina mafuta, kwani mafuta ya mimea kwa kawaida hayana kolesteroli ya kutajika, na nishati yake ni ileile. "Asilia" haimaanishi kwamba haina sukari. Orodha ya viambato hupangwa kwa uzito, kuanzia kilicho kingi zaidi. Sukari ikiwa ya kwanza au ya pili, tumekwisha kujua tunachonunua.

Nishati ndogo pamoja na usalama

Tunda lililokatwa na kuachwa wazi linaweza kubeba vimelea. Wakazi wa Dar es Salaam wanakumbuka mlipuko wa kipindupindu ulioanza Agosti 2015. Tupendelee tunda linalomenywa mbele yetu, au tununue zima tulioshe nyumbani. Tikiti au papai lililokatwa liwe limefunikwa, na kisu na mikono ya muuzaji viwe safi. Karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au chungu tusile, kwani huenda zina sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kukaanga.

Wasioufuata ushauri huu bila mtaalamu

Watoto wadogo wanahitaji asusa yenye virutubishi na nishati ya kutosha ili wakue. Wasipunguziwe chakula kwa hesabu za watu wazima. Watoto walio chini ya miaka mitano wasipewe karanga nzima, kwani zinaweza kuwapalia. Wajawazito, wanaonyonyesha, na wagonjwa wa kisukari wanaotumia dawa wazungumze kwanza na mtoa huduma wa afya katika kituo chao. Kwa mgonjwa wa kisukari, kuacha asusa ghafla kunaweza kushusha sukari ya damu kwa kiwango cha hatari.

Zoezi la wiki moja

Kwa siku tatu za mwanzo, tuandike kila asusa na kinywaji, kiasi chake na bei yake, bila kubadilisha lolote. Siku ya nne tujumlishe fedha, kisha tuchague asusa moja tu inayojirudia zaidi na kuibadilisha: soda kwa maji na chungwa, muhogo wa kukaanga kwa wa kuchoma, au pakiti mbili za kaukau kwa moja. Siku ya saba tulinganishe matumizi. Mabadiliko madogo yanayodumu yana faida kuliko katazo kali linalovunjwa siku ya tatu.

Haki ya mlaji

Tangu mwaka 2019, usimamizi wa usalama na ubora wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa. Tukikuta pakiti isiyo na jina la mzalishaji, isiyo na tarehe ya mwisho wa matumizi au yenye tarehe iliyofutwa, tusiinunue. Ikiwa tumekwisha kuinunua, tutunze pakiti na risiti, kisha tutoe taarifa TBS au kwa afisa afya wa kata. Taarifa hiyo itamkinga pia jirani atakayenunua katika duka hilohilo kesho.