Dondoo muhimu: Filamu ya kamera Ufipa

Mpiga picha wa filamu ya milimita 35 hufika Sumbawanga na akiba yake mkobani, kwa kuwa studio za picha zilishahamia kamera za dijitali. Mji uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na jua la kiangazi, Mei hadi Oktoba, ni kali. Filamu ya ASA 100 au 200, kama Kodak Gold 200, hutosha kabisa. Ya 400 ni ya masika, ukungu wa asubuhi na picha za ndani ya nyumba.

Ikibidi kuchagua moja tu, Ilford HP5 Plus ndiyo bora. Ni ya nyeusi na nyeupe, kasi yake ya 400 hupandishwa hadi 3200, na husafishwa nyumbani kwa dawa yenye nyuzi joto 20, kiwango ambacho baridi ya Ufipa hukitoa bila barafu. Filamu ya rangi hudai nyuzi 38.

Anayeteremka Kasanga, kwenye Ziwa Tanganyika, yapata mita 1,000 chini ya mji, asiache filamu ndani ya gari juani. Iliyokwisha kupigwa isafishwe mapema: joto huharibu rangi zake haraka.