SOMO LA JUMA: SAA YA MUNGU KATIKATI YA KAZI

Kusoma: Danieli 6:10, Marko 1:32-38, Matendo 3:1 na 10:9, Nehemia 2:1-5



Neno moja tunalisikia kila siku: "Shemasi, nilitaka kusali, lakini kazi ilinishika." Mkulima wa Mushaki analisema, mchunga ng'ombe analisema, kijana anayesukuma chukudu kwenda Sake analisema, mchimbaji na mbeba mzigo wa msitu wa Walikale wanalisema. Hatutaki kuwacheka. Kazi ni kweli, na njaa ni kweli. Tuulize basi: Neno la Mungu linasema nini kwa mtu asiye na nafasi?

1. Saa za sala katika Maandiko

Danieli alikuwa mkubwa wa serikali, mwenye hesabu nyingi mkononi. Hata hivyo alipiga magoti mara tatu kwa siku, na hakuacha hata amri ya mfalme ilipomkataza. Petro na Yohana walipanda hekaluni saa tisa. Petro alisali darini saa sita, chakula kikitayarishwa naye akiwa na njaa. Saa hizo ni sawa na zetu: Wayahudi walihesabu tangu jua linapotoka, kama sisi tunavyohesabu kwa Kiswahili. Saa sita yao ni jua la utosi, saa ambayo kwetu jembe linawekwa chini. Saa tisa yao ni wakati soko linapoanza kulegea.

Na Bwana Yesu mwenyewe? Jioni ile mji wote ulikusanyika mlangoni na wagonjwa wao. Alichoka. Lakini alfajiri, giza likiwapo, aliamka akaenda mahali pa faragha. Simoni alipomfuata kumwambia kwamba watu wote wanamtafuta, hakukimbilia makelele. Sala ilikuwa imemwonyesha njia ya siku ile, akaenda kuhubiri vijiji vingine.

2. Waliosali bila kuwa na siku yao

Papa Simon Kimbangu alianza kazi ya Mungu Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Mwezi wa Septemba mwaka ule alikamatwa, na tarehe 12 Oktoba 1951 akafa katika gereza la Elisabethville, ambayo ni Lubumbashi ya leo. Miaka 30! Mfungwa hana siku yake: wengine wanamwambia saa ya kuamka na saa ya kulala. Wafuasi wake wengi walihamishwa mbali, wengine mpaka kambi ya Lowa, pale mto Lowa unapoingia Lualaba. Ndugu, mto huo ni ule unaotoka milima yetu ya Masisi na kupita Walikale. Walilimishwa kwa lazima, lakini imani haikuzimika.

Ndiyo maana tunafundishwa maneno matatu pamoja: upendo, amri na kazi. Kazi haikutolewa nje ya imani. Anayesema "nimeacha shamba ili nisali tu" amekosa, kama anayesema "nimeacha sala ili nilime tu."

3. Kosa letu sisi mashemasi

Tukiri mbele yenu. Wakati mmoja tuliweka sala ya asubuhi katikati ya juma, kuanzia saa moja mpaka saa nne, na tukaandika majina ya wasiofika. Mama mmoja, mkimbizi wa vita, alikosa majuma matatu. Tukaenda kumkaripia. Tulimkuta katika shamba la mtu mwingine, akilima kibarua ili watoto wale jioni. Ilipofika saa sita wenzake walikaa kivulini. Yeye alivua kandambili zake, akasimama kando ya jembe, akasali kwa sauti ndogo, akawataja watoto wake, na mwenye shamba pia. Kisha akatuona, akasema: "Baba shemasi, asubuhi nimeiuza. Hii ndiyo saa iliyobaki, nampa Mungu."

Tuliona haya. Sisi tuliomhesabu kuwa mvivu wa sala tulikuwa hatujasali saa sita ile. Tulikuwa njiani na daftari. Tuliomba msamaha, tukafuta majina, na sala ya juma tukaihamishia jioni, mapema, ili watu warudi nyumbani kabla ya giza.

4. Namna ya kufanya

a) Funga sala kwenye jambo unalolifanya kila siku: kuwasha moto, kuteka maji, kutua mzigo, kabla ya kuingia shimoni, kabla ya kuwasha pikipiki.

b) Sala fupi si sala ndogo. Nehemia alisali mbele ya mfalme, kati ya swali na jibu. Ukiwa njiani unakimbia na mtoto mgongoni, sema tu "Bwana, tusaidie." Anasikia.

c) Usiende peke yako msituni au mlimani usiku kwa kutafuta faragha. Nyakati zetu ni za hatari. Chumba chako, au kona ya hema kambini, inatosha.

d) Kazi ikiisha, usimpe Mungu usingizi peke yake. Keti na watoto, mshukuruni kwa siku.

Maswali ya kuzungumza

1. Ni saa gani ya siku yako ambayo hakuna aliyeinunua?
2. Je, kanisani petu kuna mzigo tuliowawekea watu wa kazi nyingi? Tuuondoe namna gani?
3. Nani jirani yako ambaye mnaweza kukumbushana saa sita?

Ndugu, kesho jua litakapofika utosini, popote ulipo, weka mzigo chini kidogo. Sisi nasi tutasimama saa ileile, tukiwataja ninyi. Amani ya Bwana ikae Masisi, ikae Walikale. Amina.