Kagua Mshono Kabla Trela Haijabeba

Jioni ya tarehe 27 Machi 1980, katika Bahari ya Kaskazini upande wa Norway, jukwaa la chuma linaloelea lenye miguu mitano, Alexander L. Kielland, lilipinduka. Wafanyakazi 212 walikuwamo, 123 walikufa. Wachunguzi walifuata mvunjiko hadi kwenye mhimili mmoja wa bomba, unene milimita 26, uliopachikwa kishikio cha chombo cha kusikilizia sauti majini. Kishikio hicho hakikubeba mzigo wa maana, na mshono wake ulikuwa wa milimita 6 tu. Ndani ya ufa ilikutwa rangi: ufa ulikuwapo kabla jengo halijapakwa rangi.

Mwenye lori anayechomelea kishikio cha pipa la maji kwenye chasisi anafanya jambo lile lile. Kwake ni kishikio tu. Kwa chasisi ni jeraha.

Chuma huchoka. Kila shimo na kila tuta barabarani huikunja trela na kuirudisha, na baada ya mikunjo mingi ufa huanza, hata kama mzigo haukuwahi kuzidi. Mara nyingi huanzia ukingoni mwa mshono, pale unapokutana na bamba, maana pana kona kali, dosari ndogondogo, na mvutano uliobaki chuma kilipopoa. Kiwango cha Ulaya EN 1993-1-9 huvipa viungo alama ya mvutano vinaoustahimili kwa mizunguko milioni 2: bamba tupu hupata megapaskali 160, likichomelewa kipande kirefu kuliko milimita 100 kikiwa sambamba na nguvu, hushuka hadi 56. Tena alama hiyo haipandi ukinunua chuma kigumu zaidi. Wengi hawaamini hapo, nao hulipia bure chuma cha bei kubwa.

Kuna hesabu moja ya kukaa nayo kichwani. Kwa mshono, mvutano ukiongezeka maradufu, umri hushuka mara nane. Ongeza mzigo kwa asilimia 20 tu, na umri unabaki karibu asilimia 58.

Sasa ukaguzi. Osha tope, piga brashi ya waya, kisha ulaze tochi karibu na bamba ili mwanga upite kwa mshazari. Usihangaike na mgongo wa mshono hata ukiwa umependeza. Tazama kingo zake, na zaidi pale unapoanzia na unapoishia. Kistari chembamba cha kutu kinachovuja juu ya rangi ndicho cha kutilia shaka. Ukitaka hakika, tumia rangi nyekundu ya kupenya: puliza, subiri kama robo saa, futa, kisha puliza dawa nyeupe ya kufichua ufa. Ufa utajichora wenyewe.

Fundi akitaka kupitisha mshono mpya juu ya ufa, mkatalie. Ufa unabaki chini yake ukiendelea na safari. Usagwe wote kwa grainda hadi uishe, ndipo uchomelewe, na ukingo ulainishwe kwa mikwaruzo inayofuata urefu wa boriti ya chasisi, isiukate. Vishikio vipya vifungwe kwa bolti ubavuni mwa chasisi, kamwe visichomelewe kwenye kingo zake za juu na chini.

Ukikuta ufa trela ikiwa na shehena, shusha shehena hapo hapo, ndipo umpigie fundi.