SOMO KWA VIJANA NA WAZAZI: Kijana anayeaminiwa kazi hujifunza kujitolea



Katika somo hili tunataka kujibu ulizo ambalo wazazi wengi wanajiuliza: kwa sababu gani kijana anakataa kazi ya bure, na namna gani kikundi cha vijana kinaweza kumpa ujasiri na moyo wa kujitolea?

1. Kujitolea na kulazimishwa

Wazee kati yetu wanakumbuka salongo ya siku za Mobutu. Watu waliitwa kufyeka njia na kuzibua mifereji kwa amri. Kazi ilifanyika, lakini wengi walibaki na wazo ya kwamba kazi isiyo na mshahara ni kazi ya kulazimishwa, na wazo hilo wakawaachia watoto wao. Leo mkubwa akisema, "Vijana, njooni tufagie," wanasikia sauti ya chifu, hawasikii sauti ya baba. Basi tusiwaite wavivu upesi. Mara nyingi kijana anachokataa ni kutumwa tu, bila kuulizwa neno.

2. Ujasiri unatoka wapi?

Sifa peke yake hazimpi mtu ujasiri. Ujasiri unakuja pale kijana anapopewa jambo la kweli, watu wakamtegemea, naye akalimaliza.

Mwaka wa 1907, Mwingereza Baden-Powell alikusanya wavulana wapatao 20 katika kambi kwenye kisiwa cha Brownsea, Uingereza. Wengine walikuwa wana wa matajiri, wengine wana wa watu wa kazi. Aliwagawa katika vikundi 4, na kiongozi wa kila kikundi alikuwa mvulana kama wao. Kutokana na kambi ile Skauti walizaliwa, nao wakafika mpaka kwetu Kongo.

Tujifunze hapa. Vijana 60 wakikaa pamoja, 5 wanasema na 55 wanasikiliza. Lakini katika kikundi cha watu 6, hata mwenye haya anafikiwa na zamu. Asipofika, pengo lake linaonekana.

3. Jirani zetu wa Mathare

Mathare ni mtaa wa maskini ndani ya Nairobi, Kenya, na watu wake wanasema Kiswahili kama sisi. Nyumba zimebanana, na takataka zilikuwa nyingi. Mwaka wa 1987 Bob Munro, mtu wa Kanada, alisaidia vijana wa pale kuanzisha chama cha michezo kinachoitwa MYSA. Walipanga ligi ya mpira, na wakaweka sheria moja: kusafisha mtaa kunaipa timu pointi katika ligi, kama vile kushinda mchezo. Hivyo timu yenye magoli mengi lakini isiyofika kazini inaweza kupitwa na timu dhaifu inayofanya kazi.

Vijana wenyewe walichagua viongozi wao, wakawa makocha na waamuzi wa michezo. Anayejitolea sana anaweza kusaidiwa karo, nayo inalipwa shuleni kwake. Wasichana waliingia katika mpira mwaka wa 1992. Mwaka huohuo shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilikipa chama hicho tuzo. Mwaka wa 1994 ikaundwa timu ya Mathare United, ambayo mwaka wa 2008 ilishinda ligi kuu ya Kenya.

Mnaona? Mtoto aliyekuja kutafuta mpira alishika reki, kisha akashika filimbi, kisha akasimama mbele ya wenzake kama kiongozi.

4. Sisi tufanye nini?

Kijana wetu asipopata mahali pa kuaminiwa kwa mema, wako wengine watakaomwamini kwa mabaya. Mashariki ya nchi yetu tunajua ya kwamba wenye silaha huwaambia vijana, "Wewe ni mwanaume, tunakuhitaji." Sisi tuwahi kusema neno hilo kabla yao.

Tunashauri hivi:

a) Anzeni na kazi ndogo yenye mwisho: mfereji mmoja, uwanja wa shule moja, mjane mmoja wa kuchotewa maji.

b) Wapeni vijana ufunguo, daftari na sanduku la michango. Watoe hesabu wenyewe mbele ya wote.

c) Kijana akikosea, mwonyesheni, msimnyang'anye kazi.

d) Wasichana wasiwe wa kupika tu. Nao waongoze.

e) Kumbukeni tumbo. Kijana anayesukuma chukudu ili apate chakula cha jioni hawezi kutoa siku nzima. Masaa mawili ya Jumamosi yanatosha.

Wazazi, kazi yenu kubwa ni kufika kuona. Baba akisimama kando ya mfereji uliozibuliwa na mwanawe na kusema, "Asante, mwanangu," kijana hahitaji kusukumwa juma linalofuata.

Maulizo ya kujifunza (someni kwanza 1 Timotheo 4:12)

1. Katika kikundi chetu, ni kazi gani ambayo kijana anaifanya bila mkubwa kusimama juu yake?
2. Nani kati ya vijana wetu hajapata zamu bado? Tumpe nini?
3. Ni mahali gani katika mtaa wetu panapongoja mikono yetu Jumamosi hii?

Bwana awabariki nyote.