Majaribio ya Kujiendesha ya Orodha ya Miito katika GDB

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna programu ya kusakia hitilafu inavyoweza yenyewe kupimwa bila ya mtu kukaa mbele ya kompyuta. Mfano unaotumika ni GDB, iliyoandikwa kwanza na Richard Stallman mwaka 1986. Kati ya amri zake nyingi, inayoshughulikiwa hapa ni moja tu, bt, ambayo huonyesha orodha ya miito. Orodha hiyo hueleza ni kitendakazi kipi, yaani sehemu ya programu yenye jina na kazi yake maalumu, kilichoitwa na kipi, hadi mahali programu iliposimama.

Mtu ambaye programu yake imeanguka huanzia kwenye orodha hiyo. Ikikosekana, atajua kwamba hana habari. Ikiwa na kosa, ataiamini, na huenda akapoteza siku nzima akikagua kitendakazi kisicho na hatia. Kwa sababu hiyo orodha yenye kosa ina madhara makubwa kuliko kutokuwa na orodha.

2.0 Jinsi Orodha Inavyopatikana

Kitendakazi kinapoitwa, hutengewa nafasi katika kumbukumbu ya kompyuta, nayo huitwa fremu. Humo huhifadhiwa, pamoja na mengine, anwani ya kurudia kazi ikiisha. GDB huanza na fremu ya mwisho, husoma anwani hiyo, humtambua mwitaji, kisha humfuata mwitaji wake. Kosa la hatua moja huweza kuharibu hatua zote zinazofuata. Aidha, kompaila inapoagizwa kuharakisha programu huweza kumeza kitendakazi kimoja ndani ya kingine, hivyo kwamba fremu anayoitarajia msomaji wa msimbo haipo kabisa.

3.0 Ruwaza na Hatari Zake

Majaribio ya GDB huendeshwa kwa DejaGnu, ambayo imejengwa juu ya Expect, kazi ya Don Libes ya mwaka 1990. Expect huzungumza na programu nyingine kama mtu aketiye kwenye kibodi: huandika amri, husubiri jibu, kisha hulilinganisha na ruwaza iliyoandaliwa.

Tuchukue programu inayokokotoa faktoria ya 6 kwa kitendakazi kinachojiita chenyewe. Ikisimamishwa thamani inapofikia 1, orodha sahihi ina fremu 7: sita za faktoria, zenye thamani 1 hadi 6 kwa mfuatano, na ya saba ni ya main, kilichoanzisha yote. Jibu linajulikana kabla ya swali kuulizwa.

Ugumu umo katika kuiandika ruwaza. Ikidai anwani kamili za kumbukumbu, jaribio litashindwa kila kompaila au mashine inapobadilika, ingawa GDB haina kosa. Ikilegezwa mno, hali ni mbaya zaidi. Katika ruwaza hizi, alama ya nukta ikifuatwa na nyota hukubali maandishi yoyote, hata yaliyovuka mistari. Ruwaza inayotaka faktoria, kisha chochote, kisha main, itaridhika hata kama fremu tano kati ya sita za faktoria zimepotea. Jaribio la namna hiyo laweza kutangaza ufanisi kwa miaka bila kupima lolote. Ruwaza inayostahili hutaja kila fremu kwa nambari na thamani yake, ikaacha wazi anwani peke yake.

4.0 Kushindwa Kulikotarajiwa

Matokeo si kufaulu na kushindwa tu. GDB hutenganisha XFAIL, ambapo kosa ni la mazingira, kama vile kompaila iliyotoa habari pungufu, na KFAIL, ambapo kosa ni la GDB yenyewe na tayari lina nambari katika daftari la hitilafu. Tofauti hii si ya istilahi tu: anayeandika XFAIL pasipostahili huwa amemsingizia jirani.

5.0 Suala la Lugha

Ujumbe mwingi wa GDB umetayarishwa ili uweze kutafsiriwa. Hata hivyo, kabla ya majaribio kuanza, mazingira ya lugha huwekwa kuwa C, na majibu yote hutoka kwa Kiingereza, kwa kuwa ruwaza zimeandikwa kwa lugha hiyo. Maana yake ni kwamba mtu akiifasiri GDB kwa Kiswahili, na katika ujumbe wa kukatika kwa orodha akakosea fremu ipi ndiyo iliyotangulia, majaribio yote yatafaulu kama kawaida. Kosa hilo litamsubiri msomaji.