Chagua Weda kwa Maji Utakayoingia

Somo letu la mwezi huu si la mbegu wala la mbolea, bali ni la vazi. Wakulima wengi siku hizi wana mabwawa ya samaki, na mwenye bwawa hana budi kuingia majini ili avute wavu, ang'oe majani, au azibue bomba la kutolea maji. Wengi huingia miguu mitupu. Wengine huvaa gambuti za kawaida, na maji yakipita goti gambuti hujaa, ikawa taabu juu ya taabu.

Liko vazi lililofanywa kwa kazi hii. Ni suruali isiyopitisha maji, iliyounganishwa na gambuti au soksi nene, nayo madukani huitwa weda. Huko Ulaya na Marekani huvaliwa na wavuvi wa mito ya baridi na wawindaji wa bata. Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, lakini uvuvi upo. Samaki aina ya trauti waliletwa mwaka 1905 wakatiwa katika mto Gura, milimani Nyandarua, na hata leo wako watu wanaowavua katika mito ya huko na ya Mlima Kenya kwa nzi wa bandia. Basi mvuvi wa mlimani na mwenye bwawa wote wawili wahitaji weda, ila si weda ya namna moja.

Lakini weda isiyofaa ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, maana mwenye kuivaa huiamini. Nasema hivi kwa kuwa yamenipata. Nilinunua ya mitumba, inayofika kifuani, kwa bei nafuu. Miguu yake ilikuwa mikubwa kwangu, na mshipi haikuwa nao. Siku moja nilikwenda kumsaidia jirani kuvua samaki wake. Mguu ulinasa topeni, nikaanguka chali, na maji yakaingia kwa juu. Bwawa lile lilikuwa na kina cha kiuno tu, lakini kusimama sikuweza. Watu wawili walinivuta hadi ukingoni. Watoto walicheka, mimi sikucheka.

Ili yasikupate wewe, fuata mambo haya kwa utaratibu.

1. Yajue maji yako. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui kina chake. Kabla ya kwenda dukani, chukua fito ndefu upime bwawa lako mahali penye kina zaidi. Ziko weda za mapajani, za kiunoni na za kifuani. Kama maji hayapiti goti, ya mapajani yatosha, nayo ni nyepesi na bei yake ni ndogo. Mwenye kuvuta wavu bwawani achague ya kifuani, maana huinama mara kwa mara. Lakini weda ya kifuani si ruhusa ya kuingia hadi kifuani. Katika mto wenye kasi, maji yakifika mapajani rudi nyuma.

2. Tazama imefanywa kwa kitu gani. Za mpira na za plastiki nene ni imara na huoshwa upesi; hizo ndizo zifaazo bwawani. Ubaya wake ni joto, kwani jasho halina pa kutokea. Ziko za neopreni, ambayo ni mpira laini wenye mapovu ya hewa ndani yake. Hizo huhifadhi joto la mwili, na mwindaji wa bata anayeketi kimya katika maji ya baridi huzipenda. Ukizivaa Mwea wakati wa jua utajuta. Tena ziko za kitambaa kinachotoa mvuke wa jasho na kuzuia maji. Hizo zamfaa mvuvi wa trauti anayetembea mwendo mrefu kando ya mto, naye huvaa nguo ya joto ndani. Ni ghali, na huchanika kwa miiba.

3. Tazama soli. Kwa tope la bwawa chagua soli ya mpira yenye meno makubwa. Kwenye mawe ya mtoni yenye utelezi, wavuvi wengi hutumia soli ya felti, yaani sufi au nyuzi zilizoshindiliwa, au soli ya mpira yenye misumari mifupi. Felti hushika mawe vizuri, lakini hukawia kukauka, na hubeba vijidudu na vijimea kutoka mto huu hadi mto ule. Kwa sababu hiyo New Zealand ilikataza soli za felti mwaka 2008.

4. Ijaribu mwilini. Vaa soksi zile utakazotumia kazini. Chuchumaa. Kisha weka mguu mmoja juu ya kiti. Ikikubana magotini au kwenye mapaja, itapasuka mishononi siku si nyingi. Ikiwa kubwa mno, itakunjamana na kutoboka mahali pa mikunjo. Vidole vya miguu vipate nafasi ya kucheza, lakini kisigino kisipande na kushuka, maana tope hupenda kuvua kiatu kilicholegea.

5. Usiingie bila mshipi. Weda ya kiunoni au ya kifuani hufungwa mshipi nje yake, ukaze kiunoni. Watu husema kwamba weda ikijaa maji humvuta mtu chini kama jiwe. Sivyo hasa. Maji yaliyo ndani ya maji hayaongezi uzito. Taabu ni pale unapotaka kutoka, kwani kila lita moja ni kilo moja, na lita ishirini miguuni ni kilo ishirini za kuinua. Mshipi huzuia maji hayo yasiingie kwa wingi. Ukianguka katika mto, usishindane nao. Lala chali, tanguliza miguu upande maji yaendako, piga makasia kwa mikono hadi ukingoni, kisha tambaa utoke. Tena kila uingiapo mtoni shika fimbo imara, uisimike kwanza ndipo uhamishe mguu.

6. Tafuta matundu. Hili ndilo jambo kubwa kwa sisi wa nchi za joto. Katika maji yaliyotulia, yenye majani na konokono, mna hatari ya kichocho. Kichocho cha matumbo kinajulikana sana Mwea na kando ya Ziwa Victoria. Vijidudu vyake hutoka ndani ya konokono, hasa jua linapokuwa kali, na huweza kupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache tu. Basi fikiri: weda yenye tundu dogo huingiza maji hayo na kuyaweka juu ya ngozi yako saa nzima, nawe wadhani umekingwa.

Kupima ni rahisi. Usiku ingia katika chumba chenye giza, tia tochi inayowaka ndani ya weda, uizungushe polepole. Mahali penye tundu utaona nukta ya mwanga. Au jaza maji ndani, uipanguse nje ikauke, kisha tazama yatokeapo. Ukinunua ya mitumba, kagua mishono ya katikati ya miguu na mahali pa kuungana na gambuti, tena ikunje mpira kwa vidole. Ukiona nyufa ndogo ndogo, iache. Mpira huo umezeeka.

Tundu dogo katika mpira fundi wa baiskeli aweza kuliziba kwa kiraka na gundi yake. Lakini gundi hiyo haishiki vizuri kwenye plastiki. Plastiki ina gundi yake, uliza dukani. Usiahirishe. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hata weda nzima haikingi mikono. Vaa glavu ndefu za mpira, fanya kazi za majini mapema asubuhi, na ukilowa jipanguse kwa taulo mara moja. Ondoa majani ukingoni, na watu wote wa nyumbani watumie choo, maana kichocho huingia majini kwa mkojo na kinyesi cha watu. Ukiona damu katika mkojo au kinyesi, nenda hospitali, dawa iko.

7. Itunze. Baada ya kazi ioshe kwa maji safi, utoe tope lote. Itundike miguu juu, kivulini penye upepo, na uigeuze ndani nje kama yageuzika. Usiianike juani wala karibu na moto, kwa kuwa joto hukausha mpira ukapasuka. Usiikunje na kuitia chini ya magunia. Ukitoka bwawa moja kwenda bwawa la jirani, ioshe na iache ikauke kabisa kwanza, usije ukampelekea magonjwa ya samaki.

Sasa jiulize, au waulize wenzako katika kikundi:

Bwawa langu lina kina gani mahali penye kina zaidi?
Kwa nini neopreni haifai kazi ya jua kali?
Mshipi hufanya kazi gani mtu aangukapo?
Ni lini nilipochungulia weda yangu kwa tochi mara ya mwisho?

Kama swali la nne halina jibu, usingoje siku ya kuvua. Fanya kazi hiyo usiku wa leo.