Usilitafute Dirisha kwa Maneno Yanayoonekana

Chukua programu ndogo ya kupokelea alizeti kwenye mashine ya kukamua mafuta, tuseme iko Misigiri, pale njiapanda ya kwenda Kiomboi. Karani anapima magunia, anaandika uzito, anabonyeza kitufe cha "Save". Mwenye mashine anataka kila kitu kiwe kwa Kiswahili, kwa hiyo fundi anafuta "Save" na kuweka "Hifadhi". Kesho yake programu inajifunga kabla karani hajaandika hata kilo moja.

Kosa halimo kwenye tafsiri. Programu ilikuwa inakitafuta kitufe hicho ili ikizuie kubonyezwa mpaka uzito ujazwe, na ilikuwa inakitafuta kwa neno "Save".

Kwa watengenezaji wa programu, kitufe na kisanduku cha kuandikia navyo mara nyingi huhesabiwa kuwa madirisha. Kila kimoja kina maneno anayoyasoma mtumiaji, yaani lebo, na kinaweza kuwa na jina la ndani ambalo mtumiaji halioni kamwe. Mfumo wa kompyuta nao hulipa dirisha namba yake linapofunguliwa. Namba hiyo si ya kudumu, hivyo usiitunze kwenye faili ukitegemea kuikuta ileile kesho.

Mtego wa fundi wetu unapatikana hasa kwenye wxWidgets, zana iliyoanzishwa na Julian Smart mwaka 1992 katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Ukiiagiza FindWindowByName, hutafuta kwanza jina la ndani. Isipolipata, haikuambii, inageukia lebo na kutafuta humo. Ndiyo maana "Save" ilikuwa inapatikana siku zote ingawa hakuna aliyekipa kitufe jina hilo. Huo ni wema usio na faida: kosa linafichwa hadi siku ya kutafsiri. Na usipotoa jina, vitufe vyote hubaki na jina moja la kawaida, "button", nawe utaletewa cha kwanza kitakachokutwa.

Dawa ni kutoa jina la ndani wakati wa kuunda kitufe, kwa mfano "kitufe_hifadhi", na kutolibadilisha hata lebo ikibadilika. Pia taja dirisha la kuanzia utafutaji. Karani akiwa amefungua fomu mbili za wakulima wawili, kila moja ina kisanduku kiitwacho "uzito". Usipotaja fomu, utafutaji utapita madirisha yote na kilo za huyu zinaweza kuandikwa kwa yule.

Zana nyingine, Tk, imelikwepa tatizo hilo kwa kulifanya jina kuwa njia nzima. Dirisha kuu ni nukta, na kisanduku chetu kitaitwa .mapokezi.uzito. Jina lisianze kwa herufi kubwa. Wanaotumia Tkinter ya Python wawe macho: ukirudia jina lilelile ndani ya dirisha mzazi moja, kitu cha zamani huondolewa kimyakimya na kipya hukaa mahali pake. Katika zana ya Qt utatumia setObjectName, kisha findChild.

Ukitafuta dirisha la programu ya mtu mwingine, hali ni ngumu zaidi. FindWindow ya Windows hupokea jina la aina ya dirisha na kichwa chake. Kichwa hakiaminiki, kwani mara nyingi hubeba jina la faili lililofunguliwa. Aina ni thabiti kuliko kichwa. Kwenye Linux yenye X11, andika xprop, bofya dirisha, kisha soma aina kwenye mstari wa WM_CLASS.

Kutafsiri bila kuvunja programu kunawezekana. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi, mwaka 2004, menyu zilibadilika kuwa Kiswahili na programu ikaendelea kufanya kazi. Iliwezekana kwa sababu maneno ya kusomwa yalikuwa yametengwa na msimbo.

Kwa hiyo kabla hujagusa lebo yoyote, pitia msimbo wako na ukague kila mahali panapotafutwa dirisha. Ukikuta neno ambalo karani analiona kwenye skrini, badilisha hapo kwanza. Halafu hakikisha programu inaangalia kama dirisha limepatikana kabla ya kulitumia, na kama halikupatikana iandike kwenye faili la kumbukumbu jina lililokuwa likitafutwa.